Mkutubi Aliyejulikana kwa Sauti

Mwaka wa 1994, Runyenjes nzima ilimjua Lorna Rwamba kwa sauti yake. Wakutubi wengine walisifiwa kwa kunyamazisha watu. Yeye alisifiwa kwa kuwasomea. Mkulima angeingia maktabani na matope miguuni, aulize habari za mibuni yake, naye Lorna angefungua kitabu cha Kiingereza na kumweleza kwa Kiembu mpaka aelewe. Hakupanga kujijengea jina. Lilikuja lenyewe.

Kisha akaja mkubwa mpya, Bwana Kiogora. Siku ya kwanza alimkuta Lorna akisoma kwa sauti, wakulima watatu wamemzunguka.

"Madam, hii ni maktaba ama ni soko?"

"Ni maktaba, bwana. Hawa hawajui Kiingereza."

"Basi si wasomaji. Wafanyakazi wanapunguzwa kila mahali, na wewe hata hufanani na mtaalamu. Jitengenezee sura."

Neno hilo la kupunguzwa lilimkaa Lorna rohoni. Alikuwa mjane, na bintiye Linda alikuwa kidato cha pili. Akanunua suti ya kijivu ya mitumba, akabandika mlangoni karatasi ya KIMYA, akaanza kuwajibu watu kwa Kiingereza. Kiogora alifurahi. Lorna alirudi nyumbani kila jioni akiwa amechoka kuliko zamani, ingawa kazi ilikuwa imepungua.

Mvua za Aprili zilipoanza, Mzee Njoka alikuja na mkebe wa dawa ya kahawa.

"Mama Linda, hebu nisomee hapa. Maji ni kiasi gani?"

Kiogora alikuwa ofisini, mlango wazi. Lorna alimwonyesha mzee ile karatasi, akanong'ona, "Kuja kesho."

Njoka aliitazama karatasi asiyoweza kuisoma, akavaa kofia, akatoka. Kesho yake hakuja.

Majuma mawili baadaye Lorna alisikia sokoni kwamba kahawa ya Njoka imeharibika, akaenda shambani kwake. Majani ya mibuni yalikuwa yameungua, matunda mabichi yametapakaa chini.

"Nilikisia tu," Njoka alisema.

"Nisamehe, mzee. Ningekusomea."

"Nilijua Mama Linda angenisomea. Lakini yule niliyemkuta pale, huyo sikumjua."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Lorna zaidi.

Jumatatu aliing'oa karatasi mlangoni, suti akaiacha nyumbani. Akawasomea waliokuja. Walikuwa wachache, wengi walishazoea kutokuja. Kiogora aliyaona yote, akaingia ofisini kuandika. Mwezi haukuisha kabla ya barua kufika: hakufutwa, ila amehamishiwa maktaba ya Kangeta, kule Meru.

Huko watu walikuwa na haraka ya kuwahisha miraa sokoni, na Kimeru chao kilimpiga chenga. Juma zima hakuna aliyemuuliza kitu. Siku ya nane, mama mmoja aliingia kujikinga mvua, mkononi ameshika karatasi ya hospitali. Aliigeuzageuza, juu chini.

"Nikusomee, mama?" Lorna aliuliza kwa upole.

Mama yule aliikunja upesi. "Kwani wewe ni nani?"

"Naitwa Lorna. Wa maktaba."

Jina hilo halikumwambia kitu. Aliisukuma karatasi ndani ya leso, akashukuru kwa adabu, akatoka mvua ikiwa bado inanyesha. Lorna alibaki amesimama mlangoni, akimtazama mpaka akapotea nyuma ya vibanda.