Tunafua Kila Kitu

Nilipomwaga gunia la kwanza sakafuni, Marsela alipiga kelele kama aliyekanyaga nyoka.

"Mama Clara! Hizi ni nini?"

Alikuwa anaona vizuri ni nini. Na mimi niliona. Chupi. Sidiria. Boksa za wanaume, nyingine zina picha za ndizi na bata. Soksi chache zilikuwa humo kama zimepotea njia. Hakukuwa na shati hata moja. Kundi zima la wageni, wiki nzima ya vumbi la Serengeti, na gunia lote lilikuwa nguo za ndani tupu.

"Ni kazi," nilisema.

"Kazi ya nani?"

"Yetu."

Marsela si mtoto. Ni mama mtu mzima wa Rhotia. Amevuna vitunguu Baray, amechinja mbuzi, amemvuta ndama tumboni mwa ng'ombe kwa mikono yake. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mashine.

"Mimi nilikuja kufua mashuka," alisema. "Nguo ya ndani mtu anafua mwenyewe. Mume wangu anafua zake. Mtoto wangu wa darasa la tatu anafua zake. Hao wageni wamekatika mikono?"

Akatoka. Nikabaki na lile gunia, na mimi mwenyewe nilikuwa sijui nianzie wapi. Nilikuwa nimeshakubali. Sikujua nilichokubali.

Biashara hiyo niliifungua kama watu wengi wa Karatu wanavyofungua biashara: nilitazama jirani anafanya nini, nikafanya hicho hicho. Anneth alikuwa na biashara yake ya udobi pale barabara kuu, mashine tatu, mashuka ya loji yanaingia na kutoka. Nikaacha kazi ya uhasibu hotelini, nikanunua mashine mbili, nikafungua chumba cha mbele cha nyumba yetu. Hata rangi ya ukuta nilimwiga, bluu ileile. Nikasubiri. Walikuja majirani na blanketi. Akaja mwalimu mmoja na pazia. Basi.

Mume wangu, Felisiani, ni dereva wa watalii. Tulikubaliana wazi: Pasaka ikifika sina mteja wa kudumu, mashine zinauzwa na mimi narudi hotelini. Meneja wangu wa zamani alikuwa hajaajiri mtu. Kila tulipokutana sokoni alinikumbusha, "Kiti chako kipo." Alifikiri ananifariji. Mimi kile kiti kilikuwa kinaninyima usingizi. Na Kwaresima ilikuwa imeshaanza.

Ndipo nilipokwenda kwa Silvanus, msimamizi wa kambi moja ya mahema huku juu karibu na lango la Ngorongoro. Nilikuwa na karatasi ya bei mkononi. Hakuitazama.

"Dada, madobi wameshapita hapa wengi. Anneth anachukua mashuka, hatuna shida."

Ningeondoka kama nilivyoondoka kwingine kote. Lakini siku hiyo nilikuwa nimechoka kuomba, nikauliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza mtu yeyote tangu nifungue. "Haya. Wageni wako wanalalamikia nini?"

Silvanus alicheka, akatazama nyuma yake, akashusha sauti. Katika kila hema, alisema, kuna kadi inayomwambia mgeni kwamba nguo za ndani afue mwenyewe, kwa sababu hapa wafanyakazi hawazigusi. Sasa huku juu ni baridi na ukungu. Hazikauki. Wageni wanazianika kwenye viti vya baraza, zinashinda hapo zikidondosha maji. Wiki iliyopita familia moja ilizifunga kwenye gari zikauke njiani, sidiria zinapepea juu ya paa lililofunguliwa, na dereva akagoma kuingia getini.

"Alisema bora afukuzwe kazi," alisema Silvanus. "Kweli akakaa chini, kwenye nyasi!"

"Nitafua mimi," nilisema.

Silvanus aliacha kucheka. Alinikagua usoni kama daktari. "Wewe mama, unajua unachosema?"

"Najua."

Kesho yake akaleta gunia. Alinipa na sharti: lirudi asubuhi inayofuata kabla wageni hawajaondoka, nguo zimekauka na zimekunjwa. Likirudi vizuri, kila gunia la kambi ni langu. Likirudi bichi, tusijuane.

Basi nikavaa glavu za jikoni. Nilifumba macho mara ya kwanza, nakiri, halafu nikaona ujinga, nikafumbua. Mashine moja nikaitenga kwa kazi hiyo tu. Kila mzigo ulipotoka niliutazama kwa mshangao: ni vitambaa. Vimefuliwa, vinanukia sabuni. Hofu yote ile ilikuwa ya nini?

Jua lilikuwa limetoka, na kwa Machi yetu jua halikai. Nyuma ya nyumba kuna migomba na unyevu. Kwa hiyo nilifunga kamba uani mbele, kutoka nguzo ya umeme hadi pembe ya baraza, nikaanika zote. Kamba ilijaa. Bata na ndizi wote wakatazama barabarani.

Mama mkwe wangu alitokea mlangoni wakati nabana ya mwisho. Bibi Evarista anaishi na sisi tangu alipovunjika mguu. Ni mwanamke wa kanisa, wa Rombo, anayekunja hata mifuko ya plastiki.

Alishika fremu ya mlango.

"Za nani?" aliuliza.

"Za wateja, mama."

"Martha. Wanaume?"

"Wanaume na wanawake."

"Yesu na Maria! Uani kwa mwanangu! Hata zako mwenyewe unaanika chini ya khanga, leo umetundika za wanaume usiowajua kama bendera! Zifunike basi."

"Nikizifunika hazikauki."

"Acha zisikauke!"

"Mama, ulipokuwa na plasta mguuni nani alikufulia?"

"Wewe."

"Nilikufa?"

"Mimi ni mama yako! Hawa ni nani?"

"Wateja," nilisema tena. "Ndio hao niliokuwa nawatafuta."

Alinitazama kama aliyesikia natukana. Halafu akasema, kwa sauti ya chini iliyonitisha kuliko kelele, "Na jumuiya?"

Jumuiya. Jumamosi. Zamu ya sala nyumbani kwetu. Nilikuwa nimesahau kabisa, na watu walikuwa wameshaanza kuonekana kule kwenye kona, na khanga zao na vitabu vyao vya nyimbo, Mzee Apolinari mwenyekiti akiwa mbele.

"Anua," alisema Bibi. "Anua sasa hivi."

Nilishika kamba. Zilikuwa bado zinadondosha maji. Niliziona ndani ya ndoo, zinavunda hadi kesho, na Silvanus akifungua gunia. Niliona kile kiti cha hotelini.

"Siwezi, mama," nilisema. "Zikirudi mbichi, mashine zinauzwa."

Bibi Evarista akaingia ndani, akabamiza mlango.

Watu wa jumuiya waliingia mmoja mmoja, wakaona, wakasimama. Mama mmoja alimfunika mtoto wake macho kwa kiganja. Mwingine alisema "Salaam" akiwa ametazama mbinguni. Mzee Apolinari alikwenda moja kwa moja kwenye baraza, akageuza kiti chake kikatazama ukuta, akakaa na kitabu magotini.

Anneth alikuwapo. Yeye hakugeuza kitu. Alipita polepole kando ya kamba, akachungulia, akaja kukaa karibu yangu.

"Mama Clara," alininong'oneza kwa sauti ambayo baraza zima liliisikia, "kweli njaa haina adabu. Umefika huku?"

"Nimefika."

"Mimi hapana. Kambi zote zimeniomba. Nimewaambia, hata mniletee dhahabu, mimi hizo sigusi. Na wasichana wangu hakuna atakayegusa. Karatu nzima hutapata dobi wa kugusa hizo, shoga yangu, labda wewe."

Wakacheka. Mimi sikucheka, ila si kwa hasira. Nilikuwa nimeshtuka. *Kambi zote zimeniomba.* Yule mtu niliyemwiga hadi rangi ya ukuta alikuwa ananionyesha, mbele ya mashahidi, kazi iliyoombwa na kila kambi na ambayo yeye hataigusa kamwe. Miezi yote ile nilikuwa nahangaika kumnyang'anya mashuka!

Nilimwomba Mzee Apolinari aanze sala. Nilikuwa siwezi kutulia.

Tulifika katikati ya somo, upepo ukashuka kutoka msituni. Hapa kwetu upepo huo una maana moja: mvua. Nilinyanyuka bila kuomba ruhusa. Kabla sijafika uani, kamba iliruka, vibanio vikaachia, na boksa moja ya bata ikapaa. Ilizunguka hewani kama inatafuta mtu, ikapita juu ya vichwa vya akina mama, ikatua kwenye kitabu cha Mzee Apolinari. Katikati kabisa. Juu ya somo.

Mzee aliinua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyevamiwa na majambazi. Hakuna aliyesogea. Mimi nilikuwa uani nimekumbatia nguo, matone ya kwanza yananipiga kichwani, na nilikuwa najua kwamba hapo ndipo biashara yangu inakufa, kabla hata ya Silvanus.

Mlango ukafunguka. Bibi Evarista alitoka na fimbo yake. Alitazama watu waliokuwa wameganda nyumbani kwake. Alimtazama mzee mwenye mikono juu. Akachechemea hadi pale, akainyanyua ile boksa kwa vidole viwili, akaisogeza puani.

Jumuiya nzima ikavuta pumzi.

"Ni safi," alisema. "Shusha mikono, baba. Ni safi kuliko leso yako."

Mtu mmoja alikohoa. Mwingine akashindwa kujizuia, akaangua kicheko, na baraza zima likamfuata. Bibi hakucheka. Aligeuka kwangu, na macho yake yalikuwa bado makali.

"Unasimama hapo ulowe? Lete ndani! Kamba ya chandarua ipo chumbani kwangu."

Sala ilimaliziwa sebuleni, chini ya nguo za ndani za wageni, kwa sababu mvua iliwazuia watu wote humo. Umeme ulikatika kama kawaida ya mvua. Bibi aliwasha pasi ya mkaa. Yeye hakupiga pasi hata moja, niseme ukweli. Alikaa kwenye kiti akipapasa kila nguo na kunielekeza. "Hiyo bado ina maji kwenye lastiki. Rudia. Hujui kukunja, wewe. Diploma yote hiyo."

Asubuhi Silvanus alifungua gunia kwenye meza ya mapokezi. Akachomoa moja, akaipapasa kwenye lastiki, palepale alipopapasa Bibi. Akachomoa nyingine.

"Mmezipiga pasi?"

"Tumezipiga."

"Boksa?" Alikuwa kama mtu aliyeambiwa simba amefunga ndoa. "Mama, hakuna mtu anayepiga pasi boksa."

"Sisi tunapiga."

Aliingia nyuma, akarudi na gunia jingine, zito zaidi. Nililibeba mwenyewe hadi kwenye bajaji, wapagazi wakinipisha kwa mbali.

Marsela alirudi wiki hiyohiyo. Aliniuliza glavu zipo, nikamwambia zipo. Aliuliza kama mumewe atajua, nikamwambia hilo ni la kwake na mumewe. Akachukua aproni. Nikaita mchora mabango, nikaufuta ule ubluu wa kuiga, ukuta ukawa wa njano, na juu yake: TUNAFUA KILA KITU. Felisiani alipotoka safari akakuta bango, akalisoma, akaingia ndani. Baadaye nikamsikia akimuuliza mama yake, "Kila kitu?" Mama yake akamjibu, "Kila kitu. Kula."

Jumatano ya Juma Kuu, mchana, nilikuwa uani nikianika. Marsela alinivuta mkono, akanionyesha kule nyuma kwenye migomba. Kulikuwa na mtu amejibanza hapo na mfuko mweusi, khanga imevutwa hadi usoni. Nilifikiri mwizi. Nikasogea.

Alikuwa Anneth.

"Usipige kelele," alisema. "Tafadhali. Ni za wateja wangu. Kambi wamesema kama sichukui na hizi, mashuka nayo watakuletea wewe. Nimewaambia wasichana wangu, wamegoma wote. Nifulie wewe, nitakuwa naleta hapa nyuma. Mtu asijue."

Nilitazama matope kwenye viatu vyake vizuri vya mjini.

Dirisha la chumba cha Bibi Evarista lilifunguka juu ya vichwa vyetu.

"Anneth!" aliita, kwa sauti inayofika hadi barabara kuu. "Unafanya nini kwenye migomba? Mzigo unapokelewa mbele! Zunguka, mwanangu, upewe risiti!"

Anneth alizunguka. Alipita mbele ya kamba zangu, mbele ya bango, mbele ya Mzee Apolinari aliyekuwa anatoka dukani na kipande cha sabuni. Akaweka mfuko mezani.

Nikavaa glavu, nikaufungua. Zilikuwa chafu kweli.