Ng'ombe wa Kwenye Pakiti

Jumamosi asubuhi duka lilikuwa limejaa, na kama kawaida watu walikwama kwenye rafu ya biskuti, nyuma ya Mama Soma. Walimbandika jina hilo kwa sababu hakutia kitu kikapuni kabla hajakisoma mbele na nyuma. Miwani yake ilikuwa kwenye ncha ya pua, pakiti ameiinua kuelekea taa. Maandishi ya viungo yalikuwa madogo kama mayai ya chawa, na juu yake mwenye duka alikuwa amebandika bei. Alibandika hapo siku zote. Msambazaji wa kiwanda cha biskuti ndiye aliyemwonyesha pa kubandika.

Mama Soma hakuwa mtu wa kujitafutia makuu. Binti yake, kitinda mimba, akionja karanga tu koo humvimba na pumzi humkata. Mara ya mwisho walimkimbiza hospitali midomo imebadilika rangi, na siku hiyo alikuwa amekula biskuti tu.

Aliikwangua ile bei kwa ukucha. Haikubanduka. Basi akaiuliza pakiti yenyewe.

"Ndani yako kuna nini?"

"Shikamoo mama," pakiti ikajibu. "Unga wa ngano, sukari, mafuta, chumvi."

"Marahaba. Na nini tena?"

"Basi."

"Hebu sema kweli."

Pakiti ikajikunyata kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Na unga wa karanga," ikasema. "Wananijazia."

"Na maziwa? Si umeandikwa biskuti za maziwa?"

"Maziwa ni huyo ng'ombe hapo mbele, mama. Kachorwa vizuri."

Hiyo haikuingia kikapuni. Mama Soma aliirudisha pakiti taratibu isije ikavunjikavunjika, kisha akachukua nyingine na kuiuliza vilevile. Hakupandisha sauti hata kidogo. Heko kwake, mwingine angeipindua rafu nzima.

Nyuma yake mwalimu mstaafu aliiuliza juisi yake ya embe.

"Maji, sukari, rangi," ikajibu juisi.

"Na embe?"

"Nimewahi kulisikia."

Kufikia mchana kila mtu alikuwa akihoji kikapu chake. Nyanya za kopo zilisema yote bila kubembelezwa. Soseji zilikataa kuzungumza mbele ya watoto. Mwenye duka alilalamikia ucheleweshaji tu. "Ulizeni upesi jamani," alisema, "wenzenu wana njaa."

Jumatatu akaja afisa masoko wa kiwanda, tai imemkaba shingo. Alimkuta Mama Soma palepale kwenye rafu.

"Mama, bidhaa zetu haziruhusiwi kuzungumza na wateja bila idhini."

"Basi zungumza wewe, baba. Humu mna karanga?"

"Hiyo ni siri ya kiwanda."

"Mwanangu nusura afe kwa siri yenu."

Afisa alivitazama viatu vyake. "Pole sana, mama," akasema, na ilionekana imemtoka moyoni. Kisha akapanga pakiti mpya.

Kwenye pakiti hizo mpya ng'ombe alikuwa amenenepa, na biskuti zilikuwa zimefundishwa kuimba. Ukiziuliza zina nini, zilipaza wimbo wa tangazo, maziwa maziwa mwanzo hadi mwisho. Karanga zilibaki. Bei ilibandikwa palepale.

Wengi walichoka na kelele, wakaacha kuuliza. Mama Soma alitega sikio, akarudi tena kesho yake akatega tena, hadi akagundua kwamba kati ya ubeti na ubeti biskuti hupumua. Jioni alimkalisha binti yake mezani.

"Usishindane nayo," alimwambia. "Ngoja ivute pumzi, ndipo uulize."

Mtoto akalishika somo hilo kuliko hesabu.

Wiki iliyofuata, wakati wa mapumziko shuleni, rafiki yake alimpa biskuti. Binti aliitaka, alikuwa amechoka kuwa mtu wa kukataa vya watu. Akaisogeza sikioni. Ikaimba. Akangoja. Ilipovuta pumzi, akaiuliza.

"Karanga zimo," ikanong'ona haraka. "Nisamehe, mdogo wangu."

"Si kosa lako," binti akaiambia, akamrudishia mwenyewe.

Rafiki yake akaitia mdomoni ikiwa bado inaimba habari za maziwa.