Glasi ya Kumi na Nne

Kumi na wawili tulicheka, na shemeji yangu akawa wa kumi na tatu. Alicheka wa mwisho, kama abiria anayelipa nauli baada ya wenzake wote kulipa, huku ameishika glasi yake kwa vidole vyote kumi. Neno lililowachekesha lilikuwa langu. Nilikuwa nimenusa, nikafumba jicho moja kama ilivyokuwa desturi yangu, nikasema, "Mvinyo huu umelala kitanda kimoja na mbwa aliyenyeshewa."

"Tena mbwa mwenyewe hana kwao," akadakia mwalimu mstaafu, na kicheko kikapanda upya.

Dada yangu, mdogo wangu wa pekee na mke wa huyo shemeji, alikuwa amesimama karibu na mlango wa duka, koti bado liko mwilini. Yeye hakucheka. Alinitazama mimi, akaitazama chupa, akanitazama mimi tena, kama mtu anayehesabu watoto baada ya kuvuka barabara.

Nilifanya kazi katika duka lile la mvinyo miaka thelathini na mmoja. Sikusomea. Niliingia kwa mgongo, nikibeba kreti, nikapandishwa cheo na pua. Nilijifunza kwa kunusa vizibo vilivyotupwa, kisha nikanusa kila kitu: mawe baada ya mvua, ngozi ya viatu vya zamani, ndani ya droo za watu walionialika chai. Wateja wakaniita Bwana Pua, nami nikavimba kichwa, maana pua yenyewe ilikuwa imeshavimba tangu kuzaliwa.

Na nilikuwa mwongo. Mvinyo wa bonde la chini niliuuza kwa hadithi ya mkulima aliyemrithisha nyumbu wake shamba, nyumbu akakataa kutia sahihi. Ule wa kilima cha mawe nilisema huvunwa na watu waliovaa soksi tupu, wasije wakaiamsha ardhi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinifikisha hadi kwenye kiinua mgongo. Lakini kulikuwa na mpaka, na wote tuliujua. Hadithi zilikuwa za uongo, pua ilikuwa ya kweli. Nikikwambia chupa hii ni nzuri, ilikuwa nzuri. Nikisema imeharibika, hukuwa na haja ya kuifungua.

Kila mwaka baridi ilipobisha hodi, watu walipoanza kuyavuta makoti kutoka chini ya vitanda, niliandika orodha kwa mkono na kuibandika kwenye kioo cha mlango: mivinyo mitano ya kwetu, ya kunywa hadi jua litakaporudiwa na akili. Ya kwetu tu, ya vilima na mabonde tuliyoweza kuyaona tukitoka nje ya duka. Mwekundu mzito wa bonde la chini, kwa nyama iliyochemka tangu asubuhi. Mweupe wa kilima cha mawe, ambao wengi hudhani ni wa siku za joto. Utoe kwenye friji nusu saa kabla, uone unavyonenepa mdomoni na kupatana na supu. Mwekundu mwepesi wa mashamba ya reli, kwa mtu anayekaa peke yake na gazeti. Mtamu wa kando ya ziwa, glasi ndogo, baada ya chakula, hasa mama mkwe akiwa mgeni. Jumamosi ya kwanza ya baridi niliwamiminia wateja wa kudumu, wakaonja, wakabishana, ndipo orodha ikapanda mlangoni.

Mwaka ule nafasi ya tano niliiacha wazi kwa ajili ya shemeji.

Alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Baba yake alimwachia mteremko wa kokoto ambao hata mbuzi waliupitia tu wakiwa na shughuli kwingine. Akapanda mizabibu, safu kumi na moja. Watu wakamcheka, naye akaendelea kuziba mabomba yao wiki nzima na kupanda Jumapili. Miaka saba. Ile ilikuwa mara yake ya kwanza kutia mvinyo kwenye chupa kwa ajili ya kuuza. Alikuwa na mapipa matatu, na mnunuzi wa hoteli kubwa ya mjini alikuwa ameshaniambia mbele yake, "Mvinyo wake ukiingia kwenye orodha yako, Bwana Pua, mapipa yote ni yangu. Na mwakani vilevile." Shemeji alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Basi nikataka kumpa heshima. Mivinyo minne ya kwanza tuliionja kwa glasi za kila siku. Wa tano ulipofika, nikafungua kabati la mbao la chumba cha nyuma, nikazitoa glasi za tumbo pana, kumi na nne, zawadi ya mwenye duka nilipotimiza miaka kumi kazini. Zilitumika mara moja kwa mwaka, au zisitumike kabisa. Dada alikataa yake. "Mimi nimeshaonja nyumbani," alisema, "kwenye kikombe cha chai." Nikairudisha rafuni, nikamimina kumi na tatu, huku nikiwasimulia jinsi shemeji alivyoziba bomba la mvua kwa wiki nzima ili mizabibu yake isinyeshewe kabla ya mavuno. Hadithi ilikuwa inakwenda vizuri. Walikuwa wanacheka hata kabla sijafika mwisho.

Kisha nikanusa.

Harufu ilikuwa ya wazi kabisa: karatasi iliyooza, gunia bichi, mbwa. Wote waliipata. Daktari wa meno aliutema mvinyo kwenye ndoo. Mnunuzi wa hoteli aliiweka glasi chini taratibu, akafunga daftari lake. Nami, badala ya kusema ngojeni, badala ya kufungua chupa ya pili, nikafumba jicho moja.

"Pole, shemeji," nilimwambia baadaye akivaa koti. "Mwaka wa kwanza hukosa wengi."

"Afadhali nimeambiwa na wewe," alisema.

Waliondoka yeye na dada, wameibeba kreti ya chupa zao zilizobaki katikati yao, kila mmoja ameshika upande.

Mchana ule ule nilibaki peke yangu kuosha. Nilizisafisha zote kumi na tatu, nikaenda kuzirudisha kabatini, nikaikuta ile ya dada. Ilikuwa kavu. Haikuwa imeguswa na tone la mvinyo wowote tangu mwaka uliopita. Ilikuwa imekaa kifudifudi kwenye rafu ya mbao, kama nilivyozipanga zote mimi mwenyewe, nikikwepa vumbi, kando ya ukuta unaovuja. Sijui kwa nini niliinusa. Mkono wa kazi hufanya bila kutumwa.

Mbwa alikuwa humo.

Kila anayeanza kazi hii nilimfundisha mambo mawili kabla ya mengine yote: glasi hailazwi kifudifudi kabatini, maana hunyonya pumzi ya kabati, na humimini mvinyo ndani yake kabla hujainusa ikiwa tupu. Niliyasema mara elfu. Siku moja tu nilikuwa na hadithi tamu mdomoni.

Chini ya kaunta kulikuwa na chupa yake iliyobaki robo. Nikatafuta kikombe cha chai, nikakiosha, nikakinusa, nikamimina. Ulikuwa na moshi kidogo mwanzoni, halafu zambarau zilizoiva hadi kupasuka, halafu ukavu fulani, kama ukiulamba mteremko wenyewe. Nimekunywa mivinyo ya vilima vile maisha yangu yote. Sikuwahi kukutana na kitu kile. Nilikaa juu ya kreti nikakimaliza kikombe, kisha nikachukua kalamu, na kwenye nafasi ya tano nikaandika mwekundu wa mtaa wa kiwandani, mvinyo wa kawaida usiomkosea mtu.

Nilijiambia nitasema Jumatatu. Jumatatu mnunuzi wa hoteli alipita mwenyewe, akanipiga begani mbele ya mwenye duka. "Umeniokoa, Bwana Pua. Ningewanywesha wageni wangu mbwa." Neno langu lilikuwa limefika kooni. Nilihitaji kusema: niliwanusisha kabati. Watu kumi na mmoja waliopanga foleni kunisikiliza, niliwanusisha kabati, na nyote mkakubali. Nikalimeza. Nikasema, "Ndiyo kazi, bwana."

Kufikia Ijumaa mzaha ulikuwa umenitangulia kila mahali. Kinyozi alinisimulia nikiwa kwenye kiti chake, bila kujua ni wangu. Kwake mbwa walikuwa wawili, na mmoja alikuwa na kikohozi. Nilicheka vizuri tu, nisije nikaonekana mgeni. Shemeji akaanza kuitwa Mbwa wa Mvua. Watu walimpigia simu: "Mbwa wa Mvua, sinki limeziba." Naye alikwenda, akazibua.

Wiki tatu zilipita. Jumapili moja asubuhi nikapanda kilimani na maneno yangu nimeyapanga, hata mahali pa kuvuta pumzi napajua. Nilimkuta shambani. Jasho lilikuwa likimtoka katika baridi ile, na sururu ilikuwa mkononi. Safu nne zilikuwa zimeshang'olewa, mizizi imelala juu ya kokoto. Saba zilikuwa bado zimesimama, kavu na nyeusi, kama mizabibu yote inavyokuwa msimu huo. Mtu asiyejua angesema imekufa.

Dada alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono ndani ya mikono ya koti. Aliponiona alisimama upesi.

"Kaka, afadhali umekuja. Mwambie asing'oe. Mimi hanisikii. Mimi nimeuonja mvinyo huu, hauna mbwa wala paka."

"Wewe ulimi wako ni wa mke," shemeji alisema, bila ukali wowote. Akaegemea mpini. "Unajua, shemeji, nilikuwa najidanganya. Jioni nikiuonja nasema, huu ni mvinyo wa kweli. Kumbe nilikuwa naonja jasho langu tu. Kama si wewe ningepoteza miaka saba mingine. Watu wengine wangenificha, kwa vile ni ndugu."

"Sema basi kitu," dada akaniambia. "Wewe huwa hukosi neno."

Safu saba. Nimezihesabu mara nyingi baada ya hapo, kitandani, kwenye foleni ya benki, mazikoni kwa watu wengine. Nilikuwa na pumzi, nilikuwa na maneno, na hakuna aliyeniziba mdomo. Kilichonizuia ni ile shukrani yake. Ningewezaje kumwambia aliyenishukuru hivyo? Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Ukweli ni kwamba niliiona sura ya mnunuzi wa hoteli, na ya mwalimu mstaafu, na ya kinyozi, na nikaona jinsi mzaha ungenigeukia mimi.

"Vitunguu vitakubali hapa," nilisema.

Dada akarudi kukaa kwenye ndoo.

Kulikuwa na sururu ya pili. Niliichukua. Shina la mzabibu wa miaka saba halitoki kwa upole. Hupiga kelele ndogo mzizi mkuu ukikatika, na mkono unaisikia kabla ya sikio. Tulifanya kazi hadi adhuhuri, yeye safu moja, mimi safu moja, na tulipomaliza alinipa maji kwanza kabla hajanywa yeye. Mapipa matatu aliyauza kwa mtengeneza siki.

Mambo haya yana miaka kumi na tisa. Vitunguu vilikubali. Orodha yangu iliendelea kupanda mlangoni kila baridi, na watu waliendelea kuifuata, na mimi niliendelea kunusa glasi tupu mbele yao kwa madaha makubwa, wakadhani ni ufundi mpya.

Nilipostaafu nilikosa pa kujificha. Mchana mmoja wa baridi hii iliyopita nilikwenda kwao. Dada alikuwa jikoni. Shemeji alikuwa sebuleni, magoti yamefunikwa blanketi. Kazi ya kupiga magoti chini ya masinki ya watu imeyamaliza. Nikasema yote. Kabati, rafu, glasi ya kumi na nne, kikombe cha chai, na kwamba nilijua siku ile ile, na kwamba nilijua nilipoishika sururu. Sikutia chumvi. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kusimulia kitu kikawa kifupi.

Aliitazama mikono yake.

"Ulikuwaje?" akauliza hatimaye.

"Nini?"

"Kwenye kikombe. Ulikuwaje?"

Nikamwambia. Moshi, zambarau, ule ukavu. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari za mtoto aliyehamia mbali.

"Ndivyo nilivyokuwa nauonja," alisema. Kisha akainama kwangu, sauti akaishusha. "Usimwambie dada yako."

"Shemeji, yeye ndiye aliyekuwa—"

"Alinisihi siku kumi. Alilia kwenye ile ndoo kabla hujafika. Nilimwambia, kaka yako anajua, wewe hujui. Miaka kumi na tisa namwambia hivyo kila akilitaja lile shamba." Akalivuta blanketi. "Niachie hilo. Usinivue na hilo."

Mlango wa jikoni ulifunguka. Dada aliingia na sinia la chai, akaliweka mezani, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Mnanong'ona nini, wazee wazima?"

"Huyu kaka yako," alisema shemeji, "ameniletea uongo wake."

"Na mimi nisimuliwe basi," akasema dada. Akakaa, akajimiminia, akanigeukia akiwa tayari ameanza kutabasamu.

Nikakohoa kidogo, nikafumba jicho moja, nikamwambia habari za nyumbu.