Hodi ya Chumba cha Nyuma

Nyumba tatu zilikuwa zimeshawaponyoka Nesi na kaka yake. Ya kwanza iliuzwa wakiwa bado njiani kwenda kuiona. Ya pili ilichukuliwa wakati kaka yake anahangaika kutafuta mahali pa kuegesha gari. Ya tatu ndiyo iliyomkaa kaka rohoni, kwa sababu waliiona, wakaipenda, wakaelewana bei, kisha Nesi akasema, "Tukalale, tuifikirie." Walipoamka, mwenye nyumba alikuwa ameshapokea pesa za mtu mwingine, na simu yao hakuipokea tena.

"Leo ukisema tukalale," kaka yake alimwambia wakiwa mlangoni pa nyumba ya nne, "nakutandikia hapa hapa barazani. Wewe lala, mimi nanunua."

Alisema kwa utani, ila macho hayakucheka. Alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na mgongo ulikuwa umeanza kumgomea. Siku nyingine alishuka kwenye usukani akiwa amejikunja kama kijiko. Alikuwa ameuza sehemu yake ya lori walilonunua na mwenzake. Nesi naye alikuwa ametoa akiba ya posho za zamu za usiku, ya miaka mingi. Wakiunganisha, pesa zilitosha nyumba moja ya kupangisha. Hazikutosha nyumba moja na kosa moja.

Na nyumba zenyewe, tangu lami ifike mtaa ule, zilikuwa zinagombewa kama maji ya bomba siku ya mgawo. Kila mwenye akiba alitaka chumba cha kupangisha. Waliochelewa walisukumwa mbali zaidi, huko ambako wapangaji hawafiki.

Dalali aliwapokea na kuwaingiza chumba cha mbele. Walimwita Simu Mbili, maana hakuwahi kuonekana na moja tu. Naye alimwita Nesi mama mambo yakienda vizuri, na dada alipokuwa na jambo la kuomba.

"Dada, nisikilize," alisema. "Unaliona lile gari jeupe?"

Nesi alichungulia kupitia nondo za dirisha. Gari lilikuwa limesimama upande wa pili wa barabara, injini ikiunguruma, vioo vimepandishwa.

"Yule ni mwenye duka la simenti. Ameshanunua mbili mtaa huu huu. Nimemwambia asubiri, kwa heshima yenu tu, kwa kuwa nyinyi mlinipigia kwanza. Lakini wakili anafunga adhuhuri leo. Asiyetoa arbuni ya kushikia nyumba sasa hivi amekosa."

Muuzaji aliketi kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti. Alikuwa mtu mzima aliyenyoosha shati lake vizuri, na alizungumza taratibu. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yao, akasema. Wamezaliwa wawili. Mdogo wake yuko ng'ambo na ameshatuma idhini yake. Aliisukuma karatasi mezani, na kaka yake Nesi akaisoma mstari kwa mstari, kidole kikitembea.

"Iko sawa," kaka alisema. Mkono wake ulikuwa umeshaingia ndani ya koti, mahali bahasha ilipokaa.

"Kabla haijatoka hiyo," Nesi alisema, "nataka nipite vyumbani nisalimie watu."

Simu Mbili alicheka kidogo. "Mama, hii nyumba. Siyo wodi."

Ndivyo Nesi alivyozoea. Hospitalini hakupokea zamu kabla ya kupita kila kitanda na kumsalimia kila aliyelala juu yake. Si kwamba hakuwaamini wenzake. Ni kwamba mgonjwa huwa na mambo ambayo mwenzako hakuyasikia, kwa sababu hakuwa na nafasi ya kuyauliza. Wenzake walimtania kuwa siku moja atasalimia na mito.

"Fanya haraka," kaka yake alisema kwa sauti ya chini. Nje, gari jeupe lilipiga honi fupi.

Vyumba vilipangana kwa safu, milango ikitazama ua. Cha kwanza alikaa fundi cherehani, aliyejibu salamu bila kunyanyua mguu kwenye pedali. Cha pili walikaa mtu na mkewe waliooana karibuni. Mke alisema dari linavuja kona moja tu, na kona hiyo wameiwekea ndoo. Cha tatu kilikuwa kitupu, kinanuka rangi mbichi. Nesi aligusa ukuta, akatazama dari, akasogea mbele. Muuzaji alikuwa anamfuata hatua mbili nyuma.

Mbele yao, nyuma ya tangi la maji, kulikuwa na chumba kingine kilichojitenga.

"Pale hakuna haja," muuzaji alisema. "Ni mpangaji mmoja, mtu mzima, hapendi kusumbuliwa. Anahama mwisho wa mwezi."

"Basi nitamsalimia tu, nisiingie."

"Dada, muda."

Sauti yake haikupanda. Lakini alikuwa ametangulia mguu mmoja, kama mtu anayetaka kuziba njia na hapo hapo anaona haya kuiziba. Nesi aliuona mguu ule. Akaupita kwa upole, kama anavyowapita ndugu wa wagonjwa kwenye korido, akapiga hodi.

"Karibu," ilijibu sauti ya mwanamke.

Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, miguu ameinyoosha juu ya mkeka. Umri wake haukupishana sana na wa muuzaji. Kitanda kilichokuwa nyuma yake kilikuwa kipana na kizito, cha mbao za zamani, kikubwa mno kwa chumba kile, kiasi kwamba mlango ulifunguka nusu tu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wewe ndiye mnunuzi wa leo?"

Nesi alichuchumaa ili macho yao yawe sawa. Akauliza kama anavyouliza kila siku, bila kuweka mtego wowote. "Umekaa hapa tangu lini?"

"Tangu nizaliwe," mwanamke alijibu, akatoa chuya moja na kuitupa pembeni. "Nilizaliwa juu ya kitanda hicho. Na huyo aliyejificha nyuma yako pia."

Nesi hakugeuka. Alisikia pumzi ya muuzaji mgongoni kwake, halafu akasikia viatu vyake vikirudi uani.

Walipokutana tena chumba cha mbele, Nesi aliongea kabla hajakaa. "Wamezaliwa watatu. Dada yao yuko chumba cha nyuma, na idhini yake haipo hapo mezani."

Mkono wa kaka ulitoka ndani ya koti ukiwa mtupu. Simu Mbili alizitazama simu zake, moja baada ya nyingine, kana kwamba jibu lingeingia kupitia mojawapo.

"Mimi sikujua hilo," alisema. Huenda ni kweli hakujua.

Muuzaji alirudi kwenye kiti chake cha plastiki. Alisema akiitazama sakafu. "Mwaka wa pili huu nambembeleza. Bati hili niliezeka kwa mikono yangu. Baba alipougua nilimbeba mgongoni, mimi. Na sasa nina watoto wa kusomesha, na huyu hataki kusikia neno. Nikadhani arbuni ikishalipwa, atakubali. Mtu akiona jambo limeshakwisha, hukubali."

"Au angeenda mahakamani," kaka yake Nesi alisema, "na pesa zetu zingekwenda naye. Mzee, ulitaka kutuzika."

"Sikutaka kumzika mtu."

Nesi alimwamini, na hilo halikumpunguzia woga. Bahasha ile ilikuwa imebakiza kidogo sana kutoka ndani ya koti. Akakaa.

Mlango ulisukumwa. Mwenye simenti aliingia, mtu mfupi mwenye viatu vyeupe, akasimama bila kushika kiti. "Simu Mbili, unanipikia nini huku? Wametoa au hawajatoa?"

Kabla dalali hajafungua mdomo, dada wa chumba cha nyuma alitokea mlango wa uani, ungo bado mkononi. Alimtazama kaka yake, akawatazama wageni.

"Sikatai wenzangu wauze," alisema. "Hilo hakunipa nafasi nilimalize, kila siku anaanza na kugomba. Mafungu yao ni yao. Langu siuzi. Nitabaki na theluthi yangu, nitabaki na chumba changu na kitanda changu. Anayeweza kununua theluthi mbili na kuishi na mimi, anunue."

"Mimi nikinunua nabomoa, najenga ghorofa," mwenye simenti alisema. "Nyumba yenye mtu wa kubaki siigusi." Akamtazama muuzaji. "Ukimtoa, nipigie. Bei yangu iko pale pale."

Akatoka. Walimwona kwenye dirisha akiingia garini, lakini gari halikuondoka. Lilisogea kidogo tu, hadi kona, likasimama.

Sasa kila mtu alijua mambo yalivyo. Muuzaji angeweza kuwaaga Nesi na kaka yake, akarudi kumshinikiza dada yake mpaka achoke. Gari lingesubiri, lina mafuta.

Kaka alimvuta Nesi kando, karibu na dirisha. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Tumekuja kununua nyumba, tunaondoka na dada," alinong'ona. "Wakigombana tena hawa, tuko katikati. Na kodi ya vyumba vitatu siyo ya vinne. Mdogo wangu, sikia. Hii ni kubwa." Akameza mate. "Tukalale, tuifikirie."

Nesi alimtazama. Alitaka kucheka na kicheko hakikuja.

Aliitazama sura ya mwanamke mwenye ungo. Mtu aliyesema ukweli kwa mgeni kabla hajaulizwa mara ya pili. Aliwaza vyumba vitatu, dari moja la kuziba, na theluthi ya pesa itakayobaki bila kuguswa, ya kuzibia hilo dari na kupumzisha mgongo wa mtu. Akawaza pia ugomvi, kesi, na siku ambayo dada huyu naye angebadili mawazo. Hayo yote yalikuwa yanawezekana. Hakuna aliyeweza kumwapia kwamba hayatakuja.

"Bei ni theluthi mbili ya ile tuliyoelewana," alimwambia muuzaji. "Arbuni haitoki hapa. Inatoka mbele ya wakili, na dada yako akiwa amekaa hapo, fungu lake limeandikwa kwa jina lake, na chumba chake pia. Asipokaa hapo, haitoki."

Muuzaji alimtazama dada yake. Ilikuwa kama hawakuwa wametazamana kwa muda mrefu. Kisha akainua macho hadi kwenye bati.

"Na mkinunua, mtalitoa bati langu?"

"Linavuja kona moja," Nesi alisema. "Tutakuita uizibe. Tutakulipa."

Muuzaji akaitikia kwa kichwa, akageuzia uso ukutani kidogo kabla ya kusimama.

"Na mimi?" Simu Mbili aliuliza. "Udalali wangu ni wa nyumba nzima, au na wenyewe theluthi mbili?"

"Wewe tembea," kaka yake Nesi alisema. "Tutaongea njiani."

Dada alisema anakwenda kubadili nguo. Wakamsubiri barazani, wote wanne. Muda wa wakili kufunga ulikuwa unakaribia. Kule kona, gari jeupe lilikuwa bado linaunguruma, na simu moja ya dalali ililia, akaitazama, akaiacha ilie mpaka ikachoka. Kaka alishika koti lake kwa nje, mahali penye bahasha.

"Akibadili mawazo humo ndani?" aliuliza.

Nesi alisogea hadi mlangoni. Alikuwa anasikiliza kule nyuma.

Mwishowe ulisikika mlango ukifungwa, kisha kufuli. Dada akatokea amejifunga kanga safi, ufunguo akiufunga kwenye pindo. Alifika kwenye gari la kaka yake Nesi, akasimama kama mtu ambaye hajapanda gari siku nyingi.

Kaka alimtazama, akatazama kule kona. Halafu akaenda upande wa mbele, akamfungulia mlango.

"Kaa hapa, dada," alisema. "Huyu mdogo wangu atakaa nyuma."