Mkia wa Ndege ya Isihaka

Shemeji yangu Jumanne alikuja alasiri, Idi ikiwa imekaribia, na mawe manne ya redio mkononi. Bado yalikuwa na joto la bati. Aliyaanika juani tangu asubuhi, kama tufanyavyo wote hapa Magomeni redio ikianza kunong'ona.

"Shemeji, nipe ile ndege. Siku ya Idi nairusha uwanjani, watu waone."

Ndege yenyewe ni ya mbao nyepesi, nayo ilikuwa ya mhandisi mmoja wa meli aliyemwachia mume wangu, Isihaka, alipokuwa fundi bandarini. Tumboni mwake mna kipokezi, kiredio kidogo kinachosikia amri ya kisanduku cha mkononi na kugeuza mkia. Isihaka alipopata kazi melini aliitundika juu ya kitanda chetu. "Nikirudi tutairusha wote," aliniambia. "Mawe yake mapya hayo, nakuachia." Tangu hapo tumeokota korosho misimu miwili.

Sikumwambia Jumanne mawe yale ya Isihaka yalikwenda wapi. Kila jioni nilibonyeza kitufe mara moja, mkia ukageuka, nami nikalala. Jioni moja haukugeuka.

"Tuyapime kwanza haya yako," nikasema.

Nikaleta kipimo cha Isihaka. Mshale ukapanda mpaka panapotakiwa.

"Si hizo, volti zote zimo."

"Hapo yamepumzika. Kaka yako hupima yakiwa kazini."

Nikayapanga tumboni mwa ndege, nikashikiza nyaya za kipimo, nikabonyeza. Mkia ukageuka. Ulikuwa muda mrefu haujanijibu. Nikabonyeza tena, na tena, mshale nikausahau. Jumanne ndiye aliyeuona.

"Mbona unashuka?"

Mkia ukafika nusu, ukabaki hapo hapo.

"Hapa chini tunaishika," nikasema. "Kule juu kipokezi kikishindwa kusikia, itapitiliza baharini, na hatuipati tena."

"Basi itakuwa imemfuata mwenyewe." Alicheka peke yake. "Kwani shemeji, unalinda ndege au unalinda mume?"

"Ndege. Mume nitamlindaje, nami sijui yuko bandari gani?"

Jumanne akaitazama ndege nilivyoipakata, akavaa kofia yake.

"Basi ikae. Idi tutacheza mpira."

"Mawe yako, shemeji."

"Baki nayo. Redio yangu yenyewe ilishakufa."

Niliirudisha ndege juu ya kitanda. Asubuhi nikayapanga yale mawe manne juu ya bati la jiko, mbali kidogo na muhogo wa jirani. Kila jua linapohama nayasogeza. Kurusha ndege hayawezi tena, hilo nimeliona. Lakini yakishinda juani yatapata nguvu ya kugeuza mkia mara moja, jioni, na mimi mara moja inanitosha.