Majina Yalifika, Sauti Haikufika

Kaka yangu tulimbandika jina la Injinia kwa kumtania, maana kila alichokigusa ili akitengeneze kilikufa. Siku hizi sitanii. Nikimtazama tu damu inanichemka.

Mama alipoambiwa kwamba uvimbe wa kooni lazima utolewe, na sauti yake itaondoka nao, nilimkalisha chumbani kwangu, nikamwekea maikrofoni na kumrekodi moja kwa moja kwenye kompyuta. Alisimulia alivyokutana na baba. Aliwaita wajukuu mmoja mmoja. Aliimba, akakosea, akajicheka mwenyewe. Baada ya operesheni, sauti ile haikubaki popote duniani ila ndani ya kompyuta yangu.

Niliona si salama. Nikapata nafasi kwenye kompyuta ya mbali, huko watu wanakotunza faili zao, nikaanza kupakia faili za mama. Mtandao wetu unajikokota, kwa hiyo nikaiacha kazi ikiendelea, nikaenda kazini. Injinia alibaki nyumbani.

Niliporudi alinipokea amekenua meno yote.

"Mdogo wangu, nimekusaidia. Faili za mama zimeshafika, kwa hiyo za hapa nimezifuta. Kompyuta ilijaa, mechi zangu zikakosa pa kukaa."

"Nani kakwambia zimefika?"

"Si nimeona mwenyewe! Majina yote yapo kule."

Programu ya kupakia hutanguliza majina, yakajipanga kule mbali, kila moja tupu. Ndipo inaanza kubeba sauti yenyewe, faili moja baada ya nyingine, vipande vidogo vidogo, na kompyuta ya mbali inajibu kila mara kwamba imepokea. Faili ambayo kipande chake cha mwisho hakijafika haina faida. Yeye aliona majina, akadhani ameona mzigo. Hata pipa la taka la kompyuta alikuwa amelimwaga, kisha akamimina mechi zake palepale. Fundi aliniambia baadaye kwamba bila hizo mechi huenda angeokoa kitu.

"Samahani, nilidhani..."

"Ulidhani! Wewe ulizaliwa ukidhani! Usipotazama mpira utakufa? Umeua sauti ya mama, unasikia? Umeiua!"

Nilimtukana mpaka koo likanikauka. Kugeuka, mama yuko mlangoni, kitambaa shingoni, amesikia yote na hawezi hata kuninyamazisha. Hilo liliniuma kuliko matusi yote niliyoyatoa.

Faili moja tu ndiyo iliyokuwa imefika kamili, ya kwanza kwenye foleni, ile fupi ya kujaribu maikrofoni. Sikukumbuka ina nini. Nikaifungua, nikaongeza sauti mpaka mwisho.

"Moja, mbili... inasikika, mwanangu?" Humo kwenye rekodi mlango ukalia. Kisha mama akafoka: "Wee! Toka hapo! Mara ngapi nimekwambia usiguse vitu vya mdogo wako?"

Basi, ikaishia hapo.

Injinia aliketi sakafuni akalia kwa kwikwi. Sikumhurumia, na mpaka leo sijamhurumia. Mama alisogea polepole, akabonyeza icheze tena. Sauti yake ilipofika kwenye "Wee!", akamnyooshea kaka kidole, midomo ikiyafuata maneno yote mpaka la mwisho.