Mchikichi wa Kanisani

Waasi walipomuua mume wake upande wa Beni, Jokébed alikimbia na sufuria, nguo mbili na mche mmoja wa mchikichi uliofungwa kwenye kitambaa. Kwa miaka kumi na minane yeye na mumewe walikuwa wameishi kwa kukamua mawese. Mdogo wake Lusenge alimpokea kijijini Musienene, milimani, lakini shamba lake lote lilikuwa la viazi. Mche ukapandwa kando ya kanisa dogo, kwa ruhusa ya katekista Syauswa.

Huko juu michikichi haistawi. Hata hivyo ule ulijikokota miaka sita, ukampita Jokébed kimo. Kisha mwezi wa saba ikaja baridi ambayo hakuna aliyekumbuka mfano wake: asubuhi tatu mfululizo mashamba ya viazi yaliamka meupe kwa barafu. Wiki ilipokwisha, mchikichi wote ulikuwa rangi ya tumbaku.

"Tuung'oe tu, mama," Syauswa akasema.

"Hapana, papa. Ni majani iliungua. Moyo iko muzima."

Kwanza Jokébed hakukata kitu, maana hata majani yaliyokufa yanaukinga moyo wa mti. Aliufunga kwa magunia. Baridi ilipopungua akaondoa makavu tu. Alipovuta jani changa la katikati, likamfuata mkononi, limeoza, linanuka. Alikaa chini akalia. Halafu akakwangua uozo kwa kisu mpaka penye weupe, akatia majivu, akafunika kwa beseni bovu mvua isituame ndani.

Kila asubuhi alikwenda kuchungulia. Mwezi wa kumi na moja akaona ncha ya kijani, nyembamba kama sindano ya kufumia. Hakumwambia mtu, ila siku hiyo aliimba akipika, Lusenge akashangaa.

Kufikia Dominika ya Matawi, majani yalikuwa manne. Kila mwaka matawi ya michikichi ya kupunga ibadani yaliagizwa Beni. Safari hii barabara ilifungwa na mapigano. Jumamosi Jokébed alitoka sokoni akamkuta Syauswa penye mchikichi, na Lusenge kando yake ameshika panga.

"Papa, mukikata hii majani, muti itakufa. Haina ingine."

"Ni ya Mungu, mama. Wakristo baingie mikono mitupu?"

"Basi muniachie moja. Ile ya katikati."

Syauswa akatazama pembeni. "Lusenge, kata."

Jokébed akamgeukia mdogo wake. Lusenge hakumwinulia dada yake macho.

"Yaya, nifanye je? Batoto yangu banabatizwa Pasaka. Liste ya majina iko kwa katekista."

Akakata yote manne.

Jumapili watu walipunga vipande vyembamba kuliko kidole. Lusenge alimletea dada yake kimoja nyumbani.

"Peleka kwa batoto," akamjibu.

Baada ya mwezi shina lilioza, likang'olewa, Syauswa akapanda maua. Jokébed hakuhama, hakuwa na pa kwenda. Aliendelea kumpikia Lusenge na watoto wake, akiwapakulia wote, lakini tangu siku ile yeye alikula peke yake jikoni.